Biichi ya majani meusi shambani kwetu Molo, miaka minne baadaye

Nilinunua miche miwili. Mmoja uliliwa mizizi na fuko kabla haujamaliza mwaka. Uliobaki una kimo cha sentimita 145, nimeupima leo asubuhi, na ndio nitakaoueleza hapa, kwa sababu wanaopita kwetu wakielekea sokoni Molo hawaachi kuuliza: huo mti mweusi uliosimama kama mkuki ni mti gani, umetoka wapi, na mimi nikitaka wangu nitaupata?

Ni biichi, mti wa misitu ya Ulaya ambao wataalamu huuita Fagus sylvatica. Aina niliyo nayo inaitwa Dawyck Purple, na hilo neno la kwanza hutamkwa "Doik". Dawyck ni bustani iliyo karibu na mji wa Peebles, kusini mwa Edinburgh, Uskoti. Miaka ya 1860 hivi uligunduliwa hapo mche mmoja wa biichi uliokataa kutanua matawi. Yote yalipanda juu yakiandamana na shina, kama mtu aliyebana mikono mbavuni kwa baridi. Ule ulikuwa wa kijani. Mweusi ulipatikana Uholanzi karne moja baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1960, pale J.R.P. van Hoey Smith alipootesha mbegu za biichi hiyo ya wima katika bustani ya miti ya Trompenburg, mjini Rotterdam. Kati ya miche iliyoota akachagua mmoja wa zambarau iliyokolea na mwingine wa rangi ya dhahabu, na yote miwili ikabaki na jina la Dawyck.

Mimi niliufahamu kupitia dirishani. Nilikuwa Edinburgh kwa miaka tisa nikifanya kazi ya kutunza wazee, na bibi mmoja niliyemhudumia miaka mitatu ya mwisho wa maisha yake alikuwa na mti huu kwenye kijibustani chake, chembamba kama ukumbi. Kila asubuhi ya Mei aliniomba nimgeuzie kiti autazame. Jua la kule hutokea pembeni, likipita katikati ya majani mapya chumba kizima kinakuwa na wekundu fulani mzito. Alipofariki nilijiambia kwamba nikirudi nyumbani nitaupanda.

Kulikuwa na sababu nyingine pia, ya shamba lenyewe. Ekari yetu inapakana na ya jirani anayelima waru hadi mpakani. Hapo zamani palikuwa na ua la saipresi, na ugomvi wa kivuli cha saipresi juu ya waru za watu ninaujua tangu nikiwa mtoto. Baba na mzee wa upande ule walifikia hatua ya kutosalimiana. Ua lilipokatwa, jirani alisema waziwazi kwamba hataki tena mti wenye mbawa. Mti unaopanda juu bila kujitanua ndio uliofaa. Usinielewe vibaya, biichi hii nayo hunenepa: ikizeeka hupita mita 12 kwa urefu na upana wake huwa mita kadhaa, tena mizizi yake hutambaa karibu na uso wa udongo. Lakini hiyo ni habari ya miongo mingi, na jirani aliridhika nilipomwonyesha picha.

Kuhusu kuuagiza. Usijaribu kubeba mche kwenye sanduku. Kabla ya mche kutoka huko uliko, unahitaji kibali cha kuingiza mimea kutoka KEPHIS, shirika la Kenya la kukagua afya ya mimea, na nchi unakotoka inatoa cheti cha afya ya mmea. Mizizi lazima iwe imeoshwa, isiwe na udongo hata punje. Yangu ilifika Februari ikiwa imelala, vijiti viwili vitupu visivyo na jani, vya sentimita 80 kila kimoja, vikapelekwa Muguga kukaa chini ya uangalizi kabla sijaruhusiwa kuvichukua. Gharama yote, pamoja na ndege na vyeti, ilikaribia shilingi 40,000. Ni pesa nyingi kwa miche miwili na ninaitaja ili mtu asije akaingia kwa macho ya kufumba.

Maelezo ya kitalu kilichoniuzia yalisema mti huu huvumilia udongo wa aina nyingi mradi maji yasituame. Hilo ni kweli kabisa. Udongo wetu wa Molo ni wa volkano, mzito kwa rutuba lakini unapitisha maji, na mti haujawahi kulalamika kwa upande huo. Nilipandia juu ya tuta kidogo mvua za Aprili zilipokolea, nikahakikisha kile kifundo ambapo aina hii imeunganishwa na shina la biichi ya kawaida kimebaki juu ya ardhi. Chipukizi lolote la kijani linalotoka chini ya kifundo nalikata mara moja, maana hilo ni la shina mama na likiachwa litaumeza mti wenyewe.

Kuna jambo moja ambalo sikulisoma popote kwenye maelezo ya muuzaji, nikaambiwa na kijana wa kitalu cha miti Elburgon. Biichi huishi kwa kushirikiana na kuvu wa mizizini, kama misonobari. Misonobari ilipoletwa Afrika ilisumbua sehemu nyingi mpaka ilipopelekewa kuvu wake, na ndiyo maana wenye vitalu bado huchanganya udongo wa chini ya misonobari mikubwa wanapopanda midogo. Miche yangu ilikuwa imeoshwa mizizi, haikuja na chochote. Akanishauri nichanganye debe mbili za udongo wa msonobari. Nikafanya. Mwaka wa pili majani yalikuwa makubwa na yenye afya kuliko ya kwanza. Sikuwa na mche mwingine usiopewa udongo huo wa kulinganisha nao, kwa hiyo siusifii zaidi ya hapo.

Wakati huo, kwa kweli, mche wa pili ulikuwa umeshakwenda. Mtu wa Molo hahitaji kuelezwa fuko ni nini. Nilikuta mche umeinama asubuhi, nikaushika kwa vidole viwili ukatoka wote ardhini, umekatwa chini ya kifundo kama kwa kisu. Nililia, sioni haya kusema. Mtega fuko alikuja na vijiti vyake na kamba, akamnasa siku ya tatu, nikamlipa. Kisha nikachimbua kuzunguka mche uliobaki kwa uangalifu, nikashusha wavu wa waya wa matundu madogo hadi sentimita 60 chini, nikaacha nafasi ya kutosha mizizi ikue. Ukipanda mti wowote wa thamani katika nyanda hizi, weka wavu siku ya kwanza. Mimi nilichelewa miezi tisa.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, ambalo muuzaji hakuliandika hata kwa neno moja. Biichi ni mti unaolala, na hapa kwetu hakuna wa kuulaza wala wa kuuamsha.

Kule Uskoti majani hukauka Novemba. Biichi changa huwa hata haziyaachii, zinabaki nayo makavu ya kahawia hadi majira yageuke. Matumba yake ni membamba na marefu, yenye ncha kali, na yanabaki yamefungwa mpaka mambo mawili yatimie: wiki nyingi za baridi mfululizo, halafu siku zirefuke. Katika hili la pili biichi ni ngumu kuliko miti mingi ya Ulaya. Inahesabu mwanga. Edinburgh mchana wa Desemba ni wa saa saba, wa Juni unapita saa kumi na saba, na mti unajua kabisa uko wapi katika mwaka.

Molo mchana ni saa kumi na mbili, Januari hadi Desemba. Mstari wa ikweta unapita kaskazini kidogo tu mwa kwetu. Baridi tunayo, tuko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari na usiku wa Julai mtu hutoka na blanketi mabegani, lakini jua la saa sita linafuta yote yaliyofanywa na usiku. Mti hauupati ule mfululizo wa baridi unaousubiri, wala ule mwanga unaorefuka.

Matokeo yake niliyaona polepole. Majani ya kwanza yalifunguka vizuri, kwa sababu yale matumba yalikuwa yamepata baridi yake Ulaya. Yalikaa miezi kumi na moja. Yalitobolewa na wadudu, yakachakaa, yakageuka shaba iliyofifia, na mti haukuyaangusha wala haukutoa mengine. Ukaonekana mzee. Kisha Oktoba tawi moja la upande wa mashariki likaamka peke yake na kutoa majani sita. Kileleni kulikuwa kimya. Tumba la juu kabisa, ambalo ndilo linaloupa mti huu umbo lake la wima, lilifunguka Machi ya mwaka uliofuata, na kufikia hapo tawi la pembeni lilikuwa limeshalipita kwa kimo. Nililazimika kulirudisha kwa kamba ya katani na kijiti cha mwanzi. Tangu hapo kila tawi limekuwa na kalenda yake.

Mama hakuupenda wakati huo. "Mwanangu, mti wako umekufa. Ung'oe tupande parachichi." Nilimwita, nikakwaruza gome kidogo kwa ukucha, tukaona ubichi wa kijani chini yake. Alitazama bila kusema kitu na akarudi jikoni.

Msaada ulitoka kwa mkulima wa matofaa upande wa Njoro. Watu wanaolima matofaa hapa nyanda za juu wana shida ile ile, mti wa kulala uliopandwa mahali pasipo na majira ya baridi, na dawa yao ni kuuvua majani kwa mkono ili matumba yaamke. Alinieleza anavyofanya, nikajaribu kwa woga. Mwanzoni mwa Januari, kiangazi kikiwa kimekaza, niliacha kumwagilia kwa wiki tatu. Kisha nikaondoa majani yote ya zamani, moja moja, nikiukata ukonyo kwa kucha bila kugusa tumba lililo kwenye kwapa lake. Nikarudisha maji. Wiki ya tano karibu nusu ya matumba yalifunguka kwa pamoja, na la kileleni likiwamo. Nimefanya hivyo miaka miwili mfululizo sasa. Mwaka huu yaliyofunguka yalikuwa mengi zaidi kidogo. Mche dhaifu au uliopandwa mwaka huo huo usiuvue, utaumaliza, kwa sababu akiba yake ni ndogo.

Hapo ndipo unapopata kile ulicholipia. Jani linapofunguka ni laini kama kitambaa, limekunjamana mistari mistari, na ukingoni lina vinyweleo vyeupe vinavyong'aa. Rangi yake ni damu ya mzee. Baada ya wiki tatu hivi linakuwa zambarau iliyokaribia weusi, na ukisimama mbali mti mzima unaonekana kama kivuli cha mti mwingine usiouona. Nenda upande wa pili saa kumi na moja jioni, jua likiwa nyuma yake, na weusi wote unawaka wekundu. Rangi hiyo hutokana na anthosiyanini, ile ile ya ganda la biringanya na kabeji nyekundu. Kijani kiko chini yake, kimefunikwa tu. Inahitaji jua. Majani ya upande ulioelekea ukuta wa ghala yangu ni ya kijani chenye ukungu wa shaba, na sikuwa nimeelewa kwa nini mpaka nilipohamisha magunia yaliyokuwa yakiuzibia mwanga. Jua letu la mlimani ni kali, na nadhani weusi ninaoupata hapa wiki ile ya nne unaushinda wa Edinburgh. Hili nalisema kwa moyo mweupe: hakuna mti mwingine katika shamba letu unaonifanya niache jembe chini.

Sakitu iliwahi kuchoma majani mapya usiku mmoja, yakawa kama karatasi iliyopitishwa motoni, na tangu hapo usiku wa anga safi na upepo uliotulia naufunika kwa gunia. Kiangazi hukausha kingo za majani. Matandazo ya nyasi za ngano yamesaidia, na jerikeni moja kila siku ya tatu. Kwa ajili ya mbuzi, uzungushie mti ua. Mbolea naweka samadi iliyooza mara moja kwa mwaka, si zaidi.

Jambo la kuwaonya. Tangu watu waanze kuulizia mti wangu, nimeonyeshwa na rafiki mche alionunua kando ya barabara kuu kwa shilingi 1,500, akaambiwa ni biichi nyeusi ya Uzunguni. Majani yalikuwa mekundu mazuri. Nilivunja moja na yakatoka maziwa meupe. Huo ni mnyaa mwekundu, Euphorbia cotinifolia, mti wa mapambo wa kawaida katika vitalu vyetu ambao asili yake ni Amerika ya kitropiki, na maziwa yake ni sumu: yanachoma ngozi, yakiingia jichoni ni hatari. Mtoto wake wa miaka minne alikuwa akichezea karibu nao. Biichi haina maziwa. Jani lake lina ukingo wa mawimbi na mishipa iliyonyooka sambamba, na tumba lake ni refu na jembamba kama mwiba. Ukivunja ukaona maziwa, nawa mikono na umrudishie muuzaji mche wake.

Kwa hiyo nani aununue? Dada yangu anaishi Milimani, Kisumu, na amenisihi nimwagizie wake. Nimemkatalia. Kisumu iko chini, mita 1,100 na kitu, kuna joto usiku na mchana, na sitaki kuona biichi ikifa pole pole kwenye lango lake. Huko mti mwembamba mrefu upo tayari, ashoki, ule wa majani marefu yanayoning'inia ambao umepandwa kwenye makao mengi mjini. Majani yake mapya hutoka na rangi ya shaba kabla ya kugeuka kijani, na dada alipokwenda kuutazama kwa macho hayo alikubali kwamba si haba. Nakuru mjini ningesema saipresi ya Italia, ile ya kijani cheusi inayopanda kama mnara, na haitaki kuvuliwa majani na mtu. Ukiutaka wekundu lazima, na huna watoto wala mifugo, basi mnyaa ule ule ukatwe uwe mwembamba, kwa glavu na miwani.

Biichi yenyewe ni ya Molo, Mau Summit, Keringet, mahali ambapo mwenye shamba anaamka na sweta mwaka mzima, na ni ya mtu aliye tayari kuukaribia mti kila wiki. Kama mti ningeupa nyota tano. Kama mti wa kupandwa hapa kwetu, tatu, na moja kati ya hizo ni ya zile wiki nne za Februari na Machi. Sentimita 65 kwa miaka minne ni kidogo mno. Kwa umri huu kule Uskoti ungekuwa umeshanipita kichwa. Sitaagiza mwingine kuziba pengo la ule ulioliwa na fuko. Nimepanda mwerezi hapo, mtarakwa wa kwetu, na unakwenda mbio.

Jumamosi iliyopita nilitoka kukamua nikamkuta mama kwenye mpaka na jirani. Nusu ya matawi ya chini ilikuwa tupu bado, na jirani alikuwa akisema kitu na kutikisa kichwa. Mama akainama, akakwaruza gome kwa ukucha, akamvuta mzee kwa mkono wa koti ili asogee aone.